Vigingi Saba vya Vichwa Vyekundu

Nilirudi Kibiti na gari langu mwenyewe, stashahada yangu ya ujenzi wa barabara, na mafundi wa kunijengea nyumba ya vigae, na sikuwa na mtu wa kumshukuru ila Mungu. Nalisema mapema ili wenzangu wa rika langu msidhani nimekaa kulia. Sisi tuliotoka huku na ndala tukarudi na vyeti tuna haki ya kujisifu kidogo. Mimi najisifu sana, na cheti chenyewe nimekitundika sebuleni kwenye fremu ya kioo, mahali ambapo mgeni akikaa hana budi kukitazama.

Chini ya cheti hicho ndipo alipokaa mtoto wa kaka yangu likizo iliyopita, kompyuta mapajani, anacheza mchezo wa kujenga mji. Unapewa ardhi ya kijani, mto umepita katikati, basi unaanza. Nilikuwa napita na kikombe cha chai nikasimama nyuma yake, maana alikuwa anavuta barabara, na mimi barabara ikivutwa siwezi kupita. Aliivuta ikapinda, ikapanda juu ya nyingine, ikateremka, ikazunguka duara zuri ambalo huku kwetu hatujalijenga bado.

"Shangazi, ona hii njia panda. Magari hayasimami hata kidogo."

"Mtaro uko wapi?"

"Mtaro wa nini?"

"Maji ya mvua yatakwenda wapi, baba?"

"Huku hakuna mvua. Na wewe unakagua tu, hata kusifia hujasifia."

"Haya, nzuri. Na ardhi hii ni ya nani?"

Akanigeukia kama nimeuliza kabila la mbuzi. "Haina mwenyewe, Shangazi. Ni mchezo."

Vibanda vitatu vilikuwa vimekaa njiani mwa barabara yake. Akachagua alama ya tingatinga, akavigusa kimoja kimoja. Krrr. Krrr. Krrr. Miaka yote hii, kompyuta zimekuwa nyembamba kama sahani, lakini sauti ile hawajaibadilisha. Nikasikia harufu ya rangi ya mafuta na mafuta ya taa, harufu ambayo haikuwamo ndani ya nyumba yangu, na viganja vikaanza kuniwasha kama vilivyoniwasha nikiwa na miaka tisa.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mtawanya, nyumba zimejipanga kando ya barabara kuu ya kusini. Hatukuchagua kukaa hivyo. Wazee wetu walikuwa watu wa bondeni, wa mpunga na mto, wakatolewa huko enzi za Operesheni Vijiji na kupangwa juu, mstari kwa mstari. Kwa hiyo mtoto wa kwetu alikua akijua kwamba barabara hutangulia na watu hufuata. Barabara yenyewe kiangazi ilikuwa vumbi na masika ilikuwa uji. Lori liliweza kukwama mbele ya nyumba yetu siku nne, hadi utingo wake akajua majina ya kuku wetu. Lakini ile ilikuwa miaka ya ruksa, mnaikumbuka: sabuni za kunukia zimerudi madukani, mitumba imefunguliwa, redio za kaseti zinalia kila kibaraza, na magari ya wanunuzi wa kamba wabichi yanatoka delta ya mto yakikimbilia mjini, barafu ikichuruzika nyuma. Kila mdomo ulikuwa na neno moja, kwamba lami inakuja.

Mimi nililelewa na Bibi, mama yake mama, kwani mama aliolewa mbali akaniacha kwake. Bibi alikuwa mfupi, mkavu, mchache wa maneno. Kwa utani wa kwetu aliniita mke mwenzangu, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu, japo babu mwenyewe alikuwa kaburini. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, lakini juu aliezeka bati kwa fedha ya korosho zake, nyumba ya kwanza ya bati katika mstari wetu. Mvua ikinyesha tulikuwa hatusikilizani, na Bibi alikaa kimya akitabasamu, anasikiliza bati lake.

Wapimaji wa barabara walipokuja walipiga kambi kwenye uwanja wa mpira wa shule. Katika kibanda kimoja cha mbao, jenereta ikinguruma nyuma yake, walikuwa na kompyuta, ya kwanza kuonwa na macho yetu. Aliyeitumia ni mchoraji wao wa ramani, kijana wa Bara aitwaye Elibariki, na huyo alikuwa mteja wangu. Bibi alikaanga mihogo, mimi nikaipeleka kambini kila alasiri nikitoka shule. Elibariki alikula akiwa kazini, na kazi ikiisha, kabla jenereta haijazimwa, alifungua mchezo wa mji.

Mimi sikujua kama ni mchezo. Nikifika mapema nilimkuta anachora barabara yetu ya kweli, mistari myembamba tupu. Nikikaa kidogo, kwenye kioo kile kile, inatokea barabara nyingine, nene, ya kijivu, ina vipande vyeupe katikati. Kwangu zilikuwa kazi moja. Ile ya kwanza ilikuwa mifupa, hii ya pili ilikuwa nyama.

"Hii ndiyo lami yetu?" nilimuuliza.

Akatafuna muhogo akameza. "Ndiyo hiyohiyo. Unaionaje?"

Alikuwa ananitania. Mtu mzima akimtania mtoto mara nyingi husahau kumwambia mwishoni kwamba ulikuwa utani.

Siku moja akanipisha kitini. "Shika hapa. Bonyeza, usiachie. Sasa vuta." Nikavuta. Barabara ikatoka chini ya mkono wangu kama ulimi. Nimejenga barabara za kweli tangu hapo, nimesimamia greda na mashine za kushindilia na wanaume thelathini wenye midomo, na bado nakiri kwamba sijaipata tena raha ile. Watu hudhani katika michezo hii kinachovuta ni majumba. Majumba huota yenyewe, huna kazi nayo. Kinachovuta ni barabara. Unaianzia popote, unaivuta popote, na popote inapopita maisha yanafuata. Ikifika mtoni inajigeuza daraja bila kuombwa. Ikikutana na nyingine inajifanya njia panda. Haina tope, haina kifusi, haina fundi anayedai posho. Upana wake ni mraba mmoja wa mchezo, haizidi hapo, kwa hiyo unaweza kuipitisha imegusa ukuta wa nyumba na nyumba isitikisike, tena ndiyo kwanza inawaka taa. Kwa mtoto wa barabara ya uji, kuona hivyo ilikuwa kama kuonyeshwa akhera.

Lakini kulikuwa na jambo lililonitisha tangu siku za mwanzo. Mji wote ule, na vinukta vya magari vikipita, sikuwahi kumwona mtu. Hata mmoja, hata kwa mbali. Na zilikuwapo nyumba nyingine, zile zilizobaki mbali na barabara, ambazo taa zilizimika, kisha zikaingia rangi nyeusi.

"Ile imekuwaje?"

"Imekufa. Nyumba isiyofikiwa na barabara haikai."

"Na watu wake?"

"Wanaondoka."

"Wanakwenda wapi?"

Elibariki akatazama kioo kana kwamba hajawahi kujiuliza. "Wanaondoka tu," akasema, akaifuta ile nyumba nyeusi kwa alama ya tingatinga. Krrr.

Haukupita muda vikaonekana vigingi. Wapimaji walivipanda nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya shamba la mihogo, kimoja baada ya kingine hadi macho yanapoishia, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu. Kuku wa Bibi walivizunguka. Bibi naye alivizunguka, akienda kukata kuni alipiga hatua za ziada asipite katikati yake. Nilimuuliza Elibariki ni vya nini.

"Ndiko lami itakakopita. Njia ya zamani ina kona nyingi, tunainyoosha. Mna bahati, itapita mbali na nyinyi."

"Na hii ya mbele ya nyumba?"

"Itaota majani."

Alilisema kwa furaha, kama anayekuletea salamu njema. Kesho yake nilianza kuitazama nyumba. Kweli, ukuta wa jikoni ulikuwa mweusi. Ulikuwa mweusi siku zote kwa moshi, lakini mimi niliuona umeanza. Ufa wa nguzo ya mlango ulikuwa umerefuka. Bibi alikohoa alfajiri, mara mbili. Nikijilaza nilisikia bati likilia kwa joto linapopoa, tiki, tiki, nikajua hivyo ndivyo nyumba inavyoanza kuondokewa. Sikuwa na wa kumwambia. Bibi hajui kompyuta, na Elibariki ndiye aliyekuwa anachora.

Basi nikafanya nilichoweza. Elibariki na mpima mkuu walikuwa wamekwenda Dar es Salaam na michoro. Ijumaa mchana, wanaume wako msikitini, Bibi yuko kwa jirani kwenye msiba, nikaenda nyuma ya mihogo na kamba ya katani. Udongo wetu ni mchanga, kigingi ukikitikisa kinatoka kama jino la maziwa. Nikang'oa saba. Nikavisogeza upande wa nyumba, na sikuvichomeka ovyo kama mtoto. Nilifunga kamba kwenye kigingi ambacho sikukigusa, nikaivuta, nikaupindisha mstari taratibu hadi ukafika hatua moja kutoka kwenye uchaga wa vyombo wa Bibi, kisha nikaurudisha taratibu kwenye vigingi vya mbele. Mwalimu wangu wa upimaji chuoni alikuja kusema nina jicho. Jicho lile lilikuwapo siku ile. Mstari wangu ulikuwa mzuri. Nilisimama nikautazama nikaona barabara nzima ya kijivu imekuja kugusa ukuta wetu, na taa zimewaka.

Sikujua jambo moja, ambalo leo namfundisha kibarua siku yake ya kwanza. Kigingi hakionyeshi ukingo wa barabara. Kinaonyesha katikati. Kutoka hapo barabara inatanuka kulia na kushoto, kisha bega, kisha mtaro, kisha hifadhi, ardhi ya barabara isiyoruhusiwa nyumba. Katika mji wa Elibariki barabara haikuwa na hifadhi.

Bibi aliporudi alinishika mikono. Vichwa vya vigingi vilikuwa vimerudiwa rangi juzi, haijakauka sawasawa, na viganja vyangu vilikuwa vyekundu.

"Nini hiki?"

"Mabibo, Bibi."

Mabibo ya korosho huacha doa, lakini si la rangi hiyo. Hakubishana. Alileta mafuta ya taa na kitambaa, akanisugua hadi ngozi ikaniwaka, akaninawisha kwa maji ya moto, akanisugua tena. Hakuniuliza neno la pili.

Jumatatu walikuja vijana wawili na kopo la rangi na utepe wa kupimia. Hawa hawakuwa na darubini wala ramani. Kazi yao ilikuwa kupima toka kigingi hadi ukuta, na kilichomo ndani ya kipimo wakipige alama. Mmoja alishika utepe kwenye kigingi changu, mwenzake akatembea nao, akaingia chini ya bati letu, akapita chumba cha kulala, akatokea barazani. Akachovya brashi akapiga X kwenye ukuta wa mbele, kubwa, na rangi ikateremka kama machozi. Nyumba nyingine zote za mstari wetu waliziacha.

Nilisubiri Bibi apige kelele. Akaukalia mkeka akaitazama ile alama, kisha akasema, "Mke mwenzangu, kaniletee shoka."

Hapa mtu asiye wa kwetu hataelewa. Angekwenda ofisini, angeuliza, angesubiri barua. Lakini watu waliotolewa bondeni walijifunza somo moja, na walijifunza kwa macho. Lori la Operesheni lilipofika, aliyekuwa ameshaivunja nyumba yake mwenyewe alipakia milango na nguzo zake. Aliyesubiri aelezwe, alibaki na majivu. Bibi alibomoa. Jirani yetu Mama Zuhura alikuja mbio, kanga mkononi.

"Bibi we, umerukwa? Subiri watu waje, wakulipe!"

"Nilishasubiri mara moja."

"Wapimaji wakubwa hawajarudi hata! Muulize yule kijana wako wa mihogo!"

"Mama Zuhura, nisaidie kushika hili bati au niondokee kwenye kivuli."

Mama Zuhura akashika bati. Ndivyo tulivyo. Kwa siku mbili walishusha bati, wakang'oa mlango na fremu yake, wakachomoa nguzo moja moja, udongo ukaanguka kwa kishindo laini na vumbi likatuingia puani. Na mimi nilipokea fito, nikazipanga. Nilikuwa na neno moja tu kooni, na kila nilipofungua mdomo lilirudi chini. Wenzangu, kuna woga wa mtoto unaofanana na utii. Kila mtu alinisifu jinsi ninavyomsaidia bibi yangu.

Siku ya nne wakubwa wakarudi. Mpima mkuu, mzee mwenye upara na miwani ya kamba, alisimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akachungulia, akaondoa jicho, akafuta kioo, akachungulia tena. Kisha akatembea hadi kwenye vigingi vyangu akasimama katikati ya sakafu yetu, maana sasa ilikuwa sakafu tupu chini ya jua.

"Nani amegusa vigingi hivi?"

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Athumani, wakati ule alikuwa na ndevu nyeusi, akaitwa, akaapa kwamba hajui. Mpima mkuu akasema hii ni kesi, si mzaha, mtu atalala ndani Kibiti na ukoo wake wote utahojiwa. Elibariki alikuwa nyuma yake. Alivitazama vigingi, akautazama mpindo wake, ule mpindo mzuri wa taratibu, halafu akanitazama mimi. Niliona anajua. Niliona mdomo wake unafunguka.

"Mimi," Bibi akasema.

Alikuwa amekaa juu ya rundo la nguzo zake.

"Wewe, mama? Kwa nini?"

"Nilitaka njia ipite karibu niuze mihogo. Uzee, baba. Nilipima vibaya."

Watu wakacheka. Hata yule mpima mkuu alicheka, na kicheko kikamshusha hasira. Akaangalia mawingu upande wa bondeni, akaangalia daftari lake, akasema na msaidizi wake maneno ambayo sikuyaelewa wakati ule na leo nayaelewa sana kwa sababu nimeshayasikia kwenye kazi nyingine: masika yako mlangoni, kurudia upimaji ni wiki nzima, na hapa pako wazi tayari, hakuna wa kumfidia kwa kuwa ameharibu alama mwenyewe. Viacheni vilipo.

Wakaviacha vilipo. Elibariki alipokuwa anakunja utepe alinipita karibu. "Ungeniuliza," akasema chinichini. "Si ungeniuliza tu." Sikuwahi kupeleka mihogo kambini tena.

Bibi hakujenga upya kando ya barabara. Alisema barabara imemhamisha mara ya pili na hataipa ya tatu. Alichukua mlango wake na bati zake, akateremka bondeni kwenye shamba la mpunga, akaishi kwenye dungu, kibanda kile cha juu ya miti tunachojenga ili mafuriko yapite chini. Mimi nilipelekwa Dar es Salaam kwa mjomba. Siku ya kuagana alinishika viganja akavigeuza, akaviangalia kama anayetafuta kitu kilichobaki kwenye mikunjo, akavifunga. "Kasome," akasema.

Nikasoma. Nimesema sikuwa na wa kumshukuru, na mnaweza kuona nimeliandika hilo mwenyewe na sijalifuta. Niliuza maji ya barafu, nikafua nguo za watu, nikaingia chuo darasa la wanaume tupu, nikawapita. Kila likizo nilipanga kwenda bondeni kumwambia Bibi habari ya vigingi, na kila likizo nilitaka kwanza niwe na kitu cha kumwonyesha. Nilipokuwa nacho, Bibi alikuwa amezikwa huko huko bondeni, na nilisafiri kwenda arobaini yake juu ya lami.

Ndipo nilipoiona, kwa macho ya aliyesoma. Barabara inatoka Kibiti imenyooka, halafu mbele kidogo, pasipo na mlima wala korongo wala mto, inapinda, inatembea, inarudi ilikotoka. Hakuna mhandisi duniani angeichora. Lami haikuinuliwa upande wa nje kumshika dereva, kwa sababu haikuwamo katika mchoro wowote, iliwekwa pale ilipokuta vigingi. Magari huanguka hapo. Lori la mkaa, pikipiki, gari la harusi. Madereva wanapaita Kona ya Bibi, na wanapunguza sauti ya muziki wakipita.

Niliporudi kukaa nilichukua vipimo vyangu, nikachora jinsi ya kuinyoosha, nikapeleka na barua ofisi ya barabara. Mchoro wangu ni mzuri, sijifichi. Lakini mstari ule wa kwanza wa Elibariki, ng'ambo ya mihogo, umeshajaa nyumba za watu. Waliifuata barabara, kama kawaida yetu. Ili kona itoke, lazima kijana apite na kopo la rangi. Barua bado iko mezani kwa mtu, na sijui kama nataka ijibiwe.

Masika yaliyopita basi dogo lilianguka. Baada ya mazishi wazee wakakutana pale kwenye kona, saa nne asubuhi, nami wakaniita kwa kuwa ndiye msomi. Mzee Athumani, ndevu sasa nyeupe, akanikaribisha kwa heshima.

"Mama, wewe umesomea njia. Tuambie, hapa pana nini?"

Nikawaeleza mpindo, mteremko wa lami, mwendo wa magari. Walitikisa vichwa kama wanaosikiliza redio ya lugha nyingine.

"Haya, hayo ya kitabuni tumeyapokea," akasema. "Ila sisi tunajua. Bibi yako alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, lakini mahali hapa alipafunga. Aling'oa vigingi vya serikali akavisomea. Njia inadai."

Sijui kama mmewahi kusikia marehemu wenu akiitwa mchawi kwa sauti ya upole. Damu ilinipanda.

"Mzee, vigingi nilivihamisha mimi."

Kijana mmoja mwenye kofia akaguna, na kicheko kikazunguka.

"Ulikuwa na miaka mingapi, Mama?"

"Tisa."

"Tisa! Mtoto wa miaka tisa anahamisha barabara kuu! Basi hata chuo ulikwenda kufanya nini, ulikuwa mhandisi toka tumboni!"

"Nasema kweli. Nilikuwa na kamba ya katani."

"Mwanangu," Mzee Athumani akanishika bega, "kumtetea mzee wako ni radhi, hakuna anayekulaumu. Lakini mimi nilikuwapo. Alikiri kwa kinywa chake mbele yangu, amekaa juu ya nguzo zake. Nani anajitia kwenye kesi asiyoijua?"

Akamwita mwanamke mmoja, akaniletea unga wa mtama wa tambiko kwenye kibakuli. Wewe ndiye damu yake, wakaniambia, msemeshe awaachie watu njia. Nikawaambia mimi ni fundi sanifu, sitambiki barabarani. Papo hapo likaja basi la kusini, limechelewa, likaingia kwenye kona, likalala upande mmoja, matairi ya upande wa ndani yakataka kuinuka, sura za abiria zikapita juu yetu zimekodoa macho. Sote tuliruka mtaroni. Lilinyooka, likaenda.

Nikachukua unga. Nikachuchumaa kwenye bega la lami, mahali ambapo kwa hesabu yangu palikuwa na uchaga wa vyombo, nikaumwaga kidogo kidogo.

"Bibi, ni mimi," nikasema kwa sauti ya chini, na nikamweleza yote, Ijumaa, mabibo ambayo hayakuwa mabibo, ile nyumba nyeusi kwenye kioo, mdomo wangu nilioufunga. Nyuma yangu wazee waliitikia, "Mwambie, mama, mwambie," na upepo wa magari ukaupeperusha unga ukatua kwenye viatu vyangu.

Niliponyanyuka Mzee Athumani alinisogelea.

"Amekubali?"

"Bado," nikasema.